Mistari Sita ya Mahindi

HARLAN: Haloo? Haloo, nani huyo? Kama ni wale wa bima ya gari, gari lilishakufa, niacheni.

SIGNE: Anko, ni mimi. Signe. Shikamoo.

HARLAN: Marahaba. Signe yupi?

SIGNE: Kwani una wapwa wangapi wanaoitwa Signe?

HARLAN: Mmoja. Ila huyo huwa hapigi simu.

SIGNE: Haya. Hilo halali yangu. Mzima lakini?

HARLAN: Mzima. Goti tu. [mkwaruzo] ...na mvua imegoma wiki ya pili.

SIGNE: Unakatika. Uko wapi?

HARLAN: Ghala la mashine. Bati hili linakula mtandao. Ngoja nisogee mlangoni... Haya, sema. Mama yako hajambo?

SIGNE: Hajambo, yuko kwake. Anko, sikiliza, nina haraka kidogo. Yule bibi wa Sweden anatua kesho Jumamosi, Minneapolis, saa nne asubuhi. Gunvor. Ulipata barua yangu?

HARLAN: Niliiona.

SIGNE: Uliiona au uliisoma?

HARLAN: Kuna tofauti?

SIGNE: Anko.

HARLAN: Niliisoma. Bibi wa miaka themanini na moja, upande wa dada yake Stina Kajsa, yule nyanya yetu aliyevuka bahari. Anakuja kula Midsomari, ile sikukuu yao ya kiangazi, na sisi. Nimeshanunua samaki wa chumvi. Viazi vipo. Ameshakunywa kahawa ya Amerika huyo? Atalia.

SIGNE: Na anakuja na jiwe.

HARLAN: Jiwe la nini?

SIGNE: Alitaka kuleta udongo, nikamwambia watamnyang'anya uwanjani. Basi kang'oa jiwe kwenye msingi wa kile kibanda alichozaliwa Stina Kajsa, kule Småland. Dogo tu, saizi ya andazi. Anataka kuliweka kaburini.

HARLAN: [anacheka kidogo] Walikimbia mawe kule, shamba zima mawe matupu, wakavuka bahari. Sasa anatuletea jingine.

SIGNE: Hata yeye kasema hivyohivyo. Mtapatana. Sasa nilichokupigia: nataka kujua tukifika tunaegesha wapi. Kaburi liko karibu na barabara au tutatembea? Maana anatembelea fimbo.

HARLAN: Mpeleke kanisani. Pale makaburini pana njia nzuri ya kokoto.

SIGNE: Stina Kajsa hayuko kanisani.

HARLAN: Wote wako kanisani.

SIGNE: Waliobaki, ndiyo. Yeye alikufa na mtoto wake ile baridi ya kwanza, kanisa lenyewe halijajengwa. Nina daftari la kanisa hapa kwenye simu, mchungaji aliandika baadaye: "Amezikwa shambani kwao, mashariki ya kibanda cha udongo, pamoja na kichanga." Shambani kwao ni hapo kwako. Halafu nina ile picha ya Bibi Elvira, mama yako, akiwa msichana, kasimama chini ya mlilaki, kile kichaka cha maua ya zambarau, na nyuma kuna msalaba wa chuma—

HARLAN: Ule mlilaki ulipigwa na radi.

SIGNE: Najua, mama aliniambia. Radi ilipiga na msalaba pia?

HARLAN: [mkwaruzo] ...sikusikii.

SIGNE: Unanisikia.

HARLAN: Mtandao huu—

SIGNE: Mimi nakupata vizuri kabisa. Anko, nimefungua picha za setilaiti, nimekaa nazo tangu asubuhi. Naiona nyumba yako. Naliona ghala, hata lile trekta bovu nimeliona. Mashariki naona mahindi tu, yamenyooka kama yamepigwa rula. Sioni kichaka, sioni uzio. Nikasema labda nasoma vibaya. Kaburi liko wapi?

HARLAN: Liko palepale.

SIGNE: Palepale wapi?

HARLAN: Pale unapopaangalia.

SIGNE: Naangalia mahindi.

HARLAN: Ee.

SIGNE: Nani alifanya hivyo?

HARLAN: Mwaka sabini na tisa. Mzee alikufa Januari, shamba likawa langu. Nina miaka ishirini na tisa, najiona mwamba. Nikanunua mashine mpya ya kupandia, kubwa, wilaya nzima wanapunguza mwendo barabarani waione. Sasa kila nikifika kona ile lazima ninyanyue, nizunguke, nirudi nyuma, nishushe tena. Kwa ajili ya kichaka kimoja. Jirani akipita ananiuliza, vipi, bado unacheza dansi na mlilaki wako?

SIGNE: Kwa hiyo hakukuwa na radi.

HARLAN: Hakukuwa na radi. Niliung'oa mimi, nikalima juu yake.

SIGNE: Ulipata nini?

HARLAN: Mistari sita.

SIGNE: Mistari sita ya mahindi.

HARLAN: Mifupi.

SIGNE: Dah.

HARLAN: Sema tu. Unalotaka kusema, liseme. Nimelisubiri miaka arobaini na mitano, halijawahi kutoka kwa mtu.

SIGNE: Bibi alikuwa hai.

HARLAN: Alikuwa hai. Alikuwa anakaa humu ndani, chumba cha juu.

SIGNE: Alisema nini?

HARLAN: Ndiyo nakwambia. Hakuna.

SIGNE: Hakuna kabisa?

HARLAN: Wewe ulimjua Mama. Mwisho wa Mei, siku ya kuwakumbuka wafu, alikuwa na kawaida yake: anakata yale maua yake mekundu makubwa, anayatia kwenye kopo la kahawa, anampelekea Stina Kajsa. Mwaka ule nikasema hataenda, ataenda wapi. Niko juu ya trekta nikamwona anatoka na kopo. Kavaa gauni la kanisani. Mahindi yamechomoza kidogo, kama kidole. Akaingia katikati ya mistari, akahesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya umeme, akaliweka kopo chini. Akasimama pale. Mimi nimezima injini, sijui nishuke, sijui nibaki.

SIGNE: Ulishuka?

HARLAN: [anakohoa] Mchana tukala. Nyama, viazi. Akaniuliza, nikuongeze viazi?

SIGNE: Akaishia hapo?

HARLAN: Akaniongeza viazi.

SIGNE: Mwaka uliofuata?

HARLAN: Alienda. Na uliofuata. Miaka ishirini na nne, Signe. Mpaka mwaka anakufa, na wakati huo anatembea kwa kushika ukuta.

SIGNE: Ngoja. Ngoja ngoja. Mimi nilimwona. Nina miaka sita, nilikuja likizo. Nikakuuliza Bibi anapeleka wapi maua, ukaniambia... uliniambia mahindi nayo yanapenda kupambwa.

HARLAN: Nakumbuka.

SIGNE: Nilikwenda kuwahadithia shuleni.

HARLAN: Nakumbuka nilivyosema, na Mama alikuwa jikoni, dirisha wazi. Alisikia.

SIGNE: Na hilo kopo? Ukipita na trekta ulikuwa unalifanyaje?

HARLAN: Nalizunguka.

SIGNE: Ulikuwa unazunguka kopo.

HARLAN: Nanyanyua mashine, nazunguka. Ningeligongaje kopo la Mama?

SIGNE: Kaburi lilikushinda kuzunguka, kopo likawezekana.

HARLAN: Ee, hiyo ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo nilikuwa naisubiri.

SIGNE: Samahani.

HARLAN: Usiombe samahani. Alipaswa kuisema yeye. [mkwaruzo] ...tangu afe, nikifika pale nazima redio. Sijui kwa nini nakwambia.

SIGNE: Na msalaba?

HARLAN: Upo. Nimeuegemea hapa.

SIGNE: Umeuegemea sasa hivi?

HARLAN: Uko nyuma ya mlango wa ghala, chini ya turubai. Haujapata kutu. Huwa naupaka mafuta kabla ya baridi.

SIGNE: Kila mwaka?

HARLAN: Mafuta yenyewe huwa yamebaki tu.

SIGNE: [anapumua] Sawa. Sawa. Sasa tufanyeje? Gunvor kesho saa nne yuko uwanjani. Miaka miwili ananiuliza habari za kaburi hilo.

HARLAN: Ulikuwa unamjibu nini?

SIGNE: Si... nilikuwa namjibu.

HARLAN: Unamjibu nini, na hujakanyaga hapa miaka tisa?

[kimya]

HARLAN: Signe?

SIGNE: Mtandao—

HARLAN: Mimi nakupata vizuri kabisa.

SIGNE: Aliomba picha. Nikamwambia nitamtumia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi, mara kazi, mara theluji, mara hivi. Halafu akalazwa, moyo, mjukuu wake akaniandikia kwamba bibi anaiulizia ile picha hospitalini. Nikatafuta kwenye simu. Nilikuwa na picha ya mlilaki umechanua, mzuri kweli. Nilipiga siku moja nikipita mjini kwenu, sikusimama hata kukusalimia.

HARLAN: Mlilaki upi?

SIGNE: Ule wa nyuma ya duka la mbolea.

HARLAN: Ule wa kwenye mapipa ya taka?

SIGNE: Mapipa niliyakata kwenye picha. Nikamwandikia, "Hapa ndipo anapolala Stina Kajsa, tunamtunza." Anko, kaitia kwenye fremu. Iko ukutani kwake, karibu na kitanda. Alinionyesha kwenye simu ya video huku analia, na mimi namwangalia, natabasamu.

HARLAN: Duka la mbolea.

SIGNE: Usicheke.

HARLAN: Sicheki. Nakohoa.

SIGNE: Unacheka.

HARLAN: Kidogo. Mwanangu, damu hii ni moja, tusikane. Sikiliza. Ana miaka themanini na moja. Moyo wenyewe ndio huo. Hivi... tukimpeleka pale pale dukani? Jumamosi wanafunga. Naamka alfajiri, nasogeza mapipa, nachimbia msalaba chini ya mlilaki. Anaweka jiwe lake, analia kidogo, tunakunywa kahawa. Nani atamwambia? Nauliza tu.

SIGNE: Unajua nilipopiga hii simu, hilo ndilo nililokuwa naliwaza? Kabla hujaniambia chochote. Nilikuwa nimeshaangalia kama Jumamosi wanafunga.

HARLAN: Basi.

SIGNE: Basi nini?

HARLAN: Basi tunafanana.

SIGNE: Anko, mimi siwezi. Nikimwona anainama na fimbo yake kuweka jiwe mahali ambapo watu hukojoa wakitoka baa—

HARLAN: Hapo ni kweli hukojolewa.

SIGNE: Siwezi.

HARLAN: Wala mimi. Nimesema tu nisikie linavyosikika.

SIGNE: Nitamwambia ya picha mimi mwenyewe. Kwenye gari. Saa mbili na nusu za barabara, hana pa kushukia.

HARLAN: Wewe nawe. Mtu ana moyo, unamfungia kwenye gari.

SIGNE: Nitamwambia mwanzoni, siyo mwishoni. Na hiyo nyingine siigusi. Hiyo yako.

HARLAN: Yangu.

SIGNE: Utaiweza?

HARLAN: Kiswidi changu ni sala ya chakula na matusi ya kuswagia ng'ombe.

SIGNE: Anajua Kiingereza kukushinda. Usikimbilie huko.

HARLAN: Mtu unaanzia wapi? Unamwambia karibu, kaa, kula samaki, nilimlima nyanya yenu?

SIGNE: Sijui. Labda usimwambie mezani. Hiyo meza imeshakaliwa na watu wasiosema.

[mkwaruzo. Hatua juu ya kokoto.]

SIGNE: Unaenda wapi?

HARLAN: Umesema mtafika saa ngapi hapa?

SIGNE: Saa nane, tukila njiani. Kwa nini?

HARLAN: Anatembea na fimbo. Mashine ya kukatia majani itatosha upana, akishikwa mkono.

SIGNE: Anko, sikuelewi.

HARLAN: Mahindi yamefika magotini. Bado laini. Kutoka barabarani mpaka pale si mbali.

SIGNE: Utapajuaje pale penyewe? Miaka yote hiyo.

HARLAN: Hatua arobaini na moja kutoka kwenye nguzo ya umeme. Hatua za Mama. Mimi thelathini na tatu.

SIGNE: Ulizihesabu.

HARLAN: Nilikuwa juu ya trekta, injini nimezima. Nifanye nini kingine?

SIGNE: Yale maua yake mekundu bado yapo?

HARLAN: Yanaishilia. Yamebaki machache upande wa kivuli. Hayo nimeyaacha.

SIGNE: Nitakuja na kopo. Ingawa kahawa siku hizi inauzwa kwenye plastiki—

HARLAN: Kopo lipo. La mwisho lile. Nimelitia skrubu. Nitazimwaga.

SIGNE: [sauti imebadilika] Haya.

HARLAN: Usilie, unamaliza chaji.

SIGNE: Ni chaji yangu. Anko, na mama je? Yeye mpaka leo anajua ni radi.

HARLAN: Mlete.

SIGNE: Una uhakika?

HARLAN: Hapana. Mlete. Nisirudie hadithi hii mara mbili, sitaiweza mara ya— [mkwaruzo, kisha ngurumo ya injini]

SIGNE: Haloo? Nini hiyo? Umewasha nini?

HARLAN: Nasema simu yangu inalia, chaji imefika nyekundu—

SIGNE: Si ungengoja kesho asubuhi, kuna joto hapo sasa hivi—

HARLAN: Hapana. Kesho nitakuwa nimeshapata sababu.

SIGNE: Anko, unaikata mistari yote sita?

HARLAN: Sita. Ni mifupi. Haya, mwanangu, kesho endesha pole—