Papa Ruphin Kabwita: Miaka Kumi na Tisa Mbele ya Rejeta

Baada ya kufanya kazi ya umeme wa magari katika gereji yetu ya Troyeville kwa miaka kumi na tisa, Papa Ruphin Kabwita anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 2019. Kesho asubuhi atapanda basi la kurudi Likasi, mji aliozaliwa. Mama Jeannine, mwenye gereji, ameniomba mimi Damien niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe, kwa kuwa nimekaa na Papa Ruphin kwenye benchi moja kuliko mtu mwingine yeyote. Alinionya mapema: "Andika vizuri, Damien. Ni fête, haiko matanga." Nitajitahidi, ingawa siahidi.

Papa Ruphin alijifunza umeme kwao Likasi akiwa kijana, kwenye karakana ya malori. Alifika Johannesburg mwaka 2000 na sanduku moja la nguo, ndani yake mita ya kupimia umeme aliyoivisha soksi mbili isivunjike. Marehemu mume wa Mama Jeannine alimpa wiki moja ya majaribio. Wiki ikapita, hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yamekwisha, na yeye hakuuliza.

Jina lake lilijengwa na feni. Magari ya zamani yanateseka katika jiji hili. Tuko juu sana, maji huwahi kuchemka kuliko pwani, na mfuniko wa rejeta ukishachoka dereva huachwa barabarani akipepea boneti kwa gazeti. Feni ya kizamani inayozungushwa na mkanda wa injini huzembea gari linaposimama kwenye foleni. Papa Ruphin aliing'oa, akafunga ya umeme pamoja na kisanduku chake cha kuiongoza. Kisanduku hicho kina sensa inayopima joto la rejeta, na joto likifika kiwango ulichoweka, kinaiwasha feni chenyewe. Walikuja wateja kutoka Berea, wakaja wengine kutoka Alexandra. Wengi walikuwa wamejifungia feni wenyewe, wakaichomeka sensa upande ambao maji hutoka yakiwa yameshapoa, kisha wakashangaa gari linachemka na feni imelala. Papa Ruphin hakumcheka mteja mbele yake hata siku moja. Alimcheka akishaondoka, na alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho tulikisikia mara ya mwisho Julai 2015. Mama Jeannine ataniwia radhi, lakini wasifu usioutaja mwaka huo ni wasifu wa mtu mwingine.

Siku hiyo alikuwa amefunga kisanduku kwenye bakki, yaani pikapu, ya muuza nyanya, akakiunganisha moja kwa moja na betri ili feni iendelee kupoza hata injini ikizimwa. Ni ufungaji mzuri, lakini una sharti: kila anayefanya kazi karibu lazima aambiwe, maana feni ya namna hiyo inaweza kuamka wakati ufunguo uko mfukoni. Papa Ruphin akaenda duka la spaza kununua mkate bila kuniambia. Injini ilikuwa kimya. Niliingiza mkono wa kushoto kuubana waya uliokuwa unaning'inia, na feni ikaamka. Nilipoteza vidole viwili. Hospitalini watu walinifariji kwamba ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa sentensi moja tu. Kosa lilikuwa lake, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata kama leo ni siku yake.

Alikuja kunitazama wodini. Alikaa na kofia magotini, akazungumzia bei ya betri, akaondoka. Niliporudi kazini hakusema lolote. Badala yake nilianza kukuta kazi zangu zinazotaka mikono miwili zimekwisha kufanywa: nati zimelegezwa, waya zimemenywa, rejeta imeshushwa na kuwekwa chini. Nilichukia sana. Sikutaka mtu wa kunimenyea waya, nilitaka aniambie nimsamehe. Nililingoja neno hilo kila asubuhi, na lilivyozidi kuchelewa ndivyo tulivyozidi kutotazamana machoni. Tulikuwa watu wawili kwenye benchi moja, kila mmoja akizungumza na bisibisi yake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Papa Ruphin hakuumwa yeye, ila alishtuka kuliko mimi. Alipiga marufuku mtu yeyote kugusa feni isipokuwa yeye. Na kabla ya kuinama mbele ya rejeta yoyote, aliichomoa fyuzi na kuitia kwenye mfuko wa shati, hata kwenye gari ambalo halikuletwa kwa ajili ya feni. Shida ni kwamba alisahau kuzirudisha. Mkewe, Mama Brigitte, alizikuta kwenye maji ya kufulia, akazianika pamoja na soksi na kutuletea kila Jumatatu ndani ya kopo la jemu. Kuna siku Wamaitha, mteja wetu Mkenya anayefanya kazi benki, alipiga simu akiwa njiani kuelekea Sandton, amekwama kwenye taa za barabarani, akapaza sauti hadi sisi tuliokuwa mwisho wa gereji tukamsikia: "Mzee, gari yangu inatoa moshi hapa kwa robot, na watu wananipigia honi!" Papa Ruphin akajipapasa kifuani, akatoka mbio kutafuta teksi. Tangu siku hiyo, feni ya mteja ikigoma, kabla ya kupima waya wowote tunapapasa kwanza mfuko wa Papa Ruphin.

Mama Brigitte alifariki mwaka 2017. Papa Ruphin alirudi kazini mapema mno, na shati lake halikupigwa pasi tena. Hakuna aliyemletea kopo Jumatatu. Mikono yake ikaanza kutetemeka, mwanzoni asubuhi tu, baadaye kutwa nzima. Septemba mwaka huu, fujo zilipozuka mjini na maduka ya wageni yakachomwa, tulijifungia ndani ya gereji tukisikiliza watu wakikimbia nje. Mlango ulipofunguliwa alimwambia Mama Jeannine kwamba amechoka. Anaondoka akiacha kaburi huku, na anarudi kwa dada yake ambaye hajamwona tangu alipoondoka.

Nilipomuuliza maisha yake ili niandike wasifu huu, alinieleza miaka yote vizuri sana. Tulipofika 2015 akasema tu kwamba mwaka ule baridi ilikuwa kali. Nikajua ataondoka bila kulisema neno nililolingoja.

Alhamisi ya wiki iliyopita ililetwa Corolla ya kufungwa feni. Papa Ruphin alijaribu kubana kichwa cha waya, kikamponyoka, akajaribu tena, kikaanguka kwenye mafuta. Akanisogezea koleo. Tangu ajali ilikuwa mara ya kwanza kuniruhusu. Akasimama nyuma yangu, akanielekeza kila hatua kwa sauti ya chini. Tulipomaliza, tuliwasha injini, mshale wa joto ukapanda, feni haikuzunguka. Fyuzi ilikuwepo, na mfuko wake ulikuwa mtupu, maana nilimpapasa. Tukapima. Umeme ulifika kwenye kisanduku, lakini waya wa kurudishia umeme kwenye bodi nilikuwa nimeufunga juu ya rangi. "Rangi ni adui, Damien," akasema. "Kwarua mupaka chuma ionekane."

Nikakwarua, nikakaza boliti, nikarudi nyuma. Feni ikaamka kwa kishindo. Nilikuwa nimesimama mbali nayo, mikono yangu yote miwili iko kiunoni, lakini Papa Ruphin alinikamata kola kwa nyuma akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Vifungo vya shati viliruka. Tulianguka wote wawili juu ya matairi, na hakuniachia. Alinishika hivyo feni ikizunguka, ikapoza rejeta, ikazimika yenyewe, naye bado amening'ang'ania, anapumua kama aliyetoka kuzama. Kisha akainuka, akaenda bombani kunawa uso, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Aliniambia nisisahau kupaka grisi kwenye ile boliti isije ikashika kutu.

Basi neno lenyewe sikulipata, na basi la kesho halitalingojea. Lakini nimekaa nikiwaza jinsi alivyonivuta, na nimeona kwamba Papa Ruphin amekuwa akinivuta kutoka kwenye ile bakki kila siku tangu Julai ile, na kila siku alichelewa. Mimi nilidhani ni kiburi. Maumivu yangu yalikwisha kidonda kilipofunga. Yake hayajafunga mpaka leo.

Kwa niaba ya Mama Jeannine na gereji nzima, Papa, tunakushukuru kwa kila gari lililofika nyumbani bila kuchemka. Mungu akufikishe Likasi salama, akupe uzee mtulivu na usingizi usiokatika. Kaburi la Mama Brigitte tutalipalilia sisi.

Wasifu huu ukisha kusomwa, wewe Papa utazunguka kutupa mkono, mmoja baada ya mwingine. Ukifika kwangu nitakupa wa kushoto. Najua si adabu. Usiangalie pembeni, Papa. Ushike hivyo ulivyo, nimekusamehe, kisha uende.