Bi Dorothea Shemhilu na Chonge la Binti wa Mtae

Ameandika: Alen Kaniki, tabibu wa meno

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Dorothea Shemhilu anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne, yote katika chumba kilekile cha meno. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi, nikaambiwa niweke mambo ya furaha. Yapo mengi. Lakini kuna moja ambalo halikuwa la furaha hata kidogo, na siwezi kumuaga bila kulisema.

Alifika mwaka 1991 akakuta kiti cha kupandishwa kwa mguu na koleo mbili. Kazi ilikuwa kung'oa tu. Leo wapo watu wazima hapa Lushoto wakimwona sokoni wanafunga midomo, maana atawauliza kama wanapiga mswaki kabla ya kulala, na atawauliza mbele za watu. Mwinjilisti mmoja alikuwa akitokea mlango wa nyuma wa kanisa ili wasikutane.

Mwaka 2012 alijifunza kufunga nyaya za kupanga meno, chini ya daktari bingwa anayetutembelea kila baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo huchukua miaka miwili au zaidi, na mgonjwa wa Mtae hupanda basi alfajiri kila mwezi. Kwa hiyo bingwa alipotufundisha kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa kando ya jino, chini ya ganzi, ili jino lisogee upesi, mimi nilishangilia. Bi Dorothea aliuliza maswali mpaka bingwa akaangalia saa. Imesaidia wangapi? Haikusaidia wangapi? Bingwa alikiri kwamba matokeo yanatofautiana. Ndipo Mama, kama tunavyomwita Bi Dorothea hapa kazini, akakubali tujaribu, kwa sharti kwamba nguvu ya kuvuta isiongezwe kabisa.

Beatha, binti wa Mzee Nikodemo wa Mtae, alikuwa wa tatu kutobolewa. Ilikuwa Machi 2022, na Oktoba angeanza chuo. Bi Dorothea alimtoboa mwenyewe, kisha akaitwa kikaoni, akaniachia nifunge mpira wa kuvuta chonge la juu. Mzee Nikodemo akaniambia mvua zinaanza, barabara itakatika, hawatarudi kwa miezi miwili.

“Daktari, kaza ya miezi miwili kabisa,” alisema.

Nikaona ana haki. Nikafunga mipira miwili, nikaandika hivyo kwenye faili, nikajiona mwerevu.

Kesho yake Bi Dorothea alikwenda likizo ya wiki tatu. Siku aliyorudi alisoma mafaili yote, kama kawaida yake, na alipofika kwenye faili la Beatha akasimama. Simu ya Mzee Nikodemo haikupatikana. Tukaondoka na gari la hospitali mvua ikinyesha. Gari likakwama, tukatembea kama kilomita nne kwenye utelezi, mimi nikimwomba Mungu jino liwe bado lipo.

Lilikuwepo, lakini lilikuwa linacheza, na fizi imevimba. Beatha alikuwa amevumilia maumivu akidhani ndiyo dalili kwamba linakwenda upesi. Bi Dorothea akakata mipira. Halafu akanigeukia, akanionyesha Mzee Nikodemo kwa kidevu. Nikaelewa. Nikamweleza Mzee Nikodemo kosa langu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akauliza kama jino la mwanawe litabaki.

“Sijui, baba Beatha,” Bi Dorothea alimjibu. “Tutalilinda, lakini sijui.”

Katika taarifa kwa mganga mfawidhi aliandika majina mawili ya waliokosea, lake likatangulia. Kwa wiki nane hatukuvuta chochote. Kila Jumamosi tulipanda Mtae kulitazama, barabara ikikubali ama isikubali. Nilikonda. Wiki ya tisa alikishika kidole changu akakiweka juu ya chonge, akaniambia nisukume. Halikucheza. Mama akatoka, akakaa kizingitini, akalia waziwazi, na hapo ndipo nilipojua kumbe naye aliogopa muda wote ule.

Beatha alikwenda chuoni na nyaya mdomoni, zikaja kutolewa mwaka uliofuata. Haraka yangu ilimchelewesha miezi mitano. Picha ya eksirei ilionyesha mzizi wa chonge umefupika kidogo, na hautarudi.

Wiki iliyopita Mzee Nikodemo alimleta Scholastica, mdogo wake Beatha, ambaye meno yake yamepandana. Mapokezi wakamwambia mzee kwamba Bi Dorothea anastaafu. Akasema anajua, anamtaka Alen. Wamempangia Jumanne, tarehe 1 Julai, saa tatu asubuhi. Nilikimbia kwa Bi Dorothea nikamsihi aje siku hiyo moja tu, asimame pembeni, asiguse kitu. Amekataa. Amesema mgonjwa ni wangu.

Mama, sisi wote wa hospitali hii tunakushukuru kwa uvumilivu wako na kwa ukali wako. Mungu akupe afya, na wajukuu wanaopiga mswaki bila kukumbushwa. Tunakutakia mapumziko mema na usingizi mnono, hasa usiku wa kuamkia Jumanne, kwa sababu mimi sitalala.