Hilda Entwistle, Aliyeajiri Msaidizi Wake Mwenyewe

Marehemu Hilda Entwistle alizaliwa Accrington, Lancashire, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Walter na Edna. Akiwa na miaka miwili, polio ilimpooza miguu.

Alisoma shule ya bweni ya watoto walemavu, ambako hata kwenda chooni kulikuwa na kengele yake. Alitoka huko mwaka 1973 akiapa kwamba hatapangiwa tena maisha. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa opereta wa simu katika kiwanda cha mazulia, na wenye matusi aliwakatia.

Mwaka 1984 aliolewa na Desmond, dereva wa basi, aliyemtunza hadi alipofariki mwaka 2009. Hawakujaliwa watoto.

Baada ya msiba huo, halmashauri ilikubali kumkabidhi Hilda fedha za matunzo yake, aajiri amtakaye. Akamwita jirani yake Shazia, aliyekuwa mpishi wa shule.

"Asubuhi unajua kunyamaza?" alimwuliza.

"Mpaka chai ya pili."

"Basi anza kesho."

Walikuwa pamoja miaka tisa. Kila Ijumaa walikwenda kwaya, wakirudi na samaki na chipsi, wakichekana njia nzima.

Mwaka 2019 Hilda alilazwa kwa kuvunjika mkono. Ofisa wa halmashauri akamwuliza mdogo wake Hilda, Clifford, kama dada yake bado anaweza kusimamia fedha zile. Clifford, aliyekuwa akimtembelea Krismasi tu, alisema hawezi, akatia sahihi. Fedha zikapelekwa kwa wakala wa kutuma watunzaji majumbani. Shazia akaachishwa kazi.

"Cliff, wananilaza saa kumi na mbili jioni, jua linawaka," Hilda alilalamika kwenye simu. "Mimi kuku?"

"Dada, ni kwa usalama wako."

"Ungeniuliza basi! Kichwa changu kilivunjika lini?"

Clifford alisema ana kazi, akakata simu.

Kila wiki zilikuja sura ngeni, dakika kumi na tano, zikaondoka. Hakuna aliyekaa vya kutosha kuuona mgongo wake. Kidonda cha kulala sana kikaoza huko, sumu ikaingia damuni. Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 2022, akiwa na miaka 64.

Ameacha mdogo wake Clifford, anayesoma haya, wifi yake Doreen, na Shazia, aliyeketi safu ya nyuma kwa kuwa sisi wa mbele hatukumkaribisha.

Pumzika, Hilda. Clifford alikuwa na miaka mitatu ya kukuomba radhi, na simu mkononi.