Bi Foleni na Onyesho Lisiloandikwa

Ndugu, jamaa na marafiki, ninyi mliopata viti humu ndani na ninyi mliobaki nje chini ya turubai, mimi na marehemu tumeachiana ziwa, kwa kazi ni fundi umeme, na familia imenituma nisome kwa sababu ndimi niliyeshika taa katika filamu zake zote, ingawa yeye alizoea kusema kwamba taa zangu zina adabu kuliko mimi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, wa baba yetu seremala, aliyetutangulia mwaka 2003, na mama yetu mshonaji, ambaye yuko hapa mbele yenu. Alianza kusema mapema, na kwa ushahidi wa mama, hakunyamaza tena.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, kuanzia mwaka 1975, kisha sekondari ya bweni kuanzia 1982, na huko, akiwa kidato cha tatu, alitunga mchezo akamwigiza matroni kwa mwendo, kwa kikohozi na kwa namna ya kushika funguo, hata matroni mwenyewe, aliyekaa mstari wa mbele, akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akampa adhabu ya kusugua masufuria. Dada alisema aliyasugua yale masufuria kwa furaha, maana alikwisha jua atafanya kazi gani duniani.

Mwaka 1989 aliajiriwa mahakamani kama mpiga chapa, akiandika maneno ya mashahidi, na alituambia kwamba ile ndiyo ilikuwa shule yake ya kuandika filamu, kwa kuwa anayesema uongo humaliza sentensi zake zote, na anayesema kweli hukatika katikati. Baada ya kazi alikwenda kupanga foleni posta, benki, ofisi ya maji, popote, hana bili wala barua, akisikiliza watu wanavyozungumza, na akikaribia dirishani anarudi nyuma kabisa kuanza upya, mpaka makarani wakamwita Bi Foleni, jina lililomganda hadi juzi.

Tarehe 27 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi, aliyesoma kila mswada wa mkewe kwa kalamu nyekundu mkononi na bado ndoa ikadumu, nao wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa mfamasia, mdogo mhariri wa filamu.

Filamu yake ya kwanza aliianza mwaka 1998, na hapo tulionja joto ya jiwe. Katika kazi ile, maonyesho yote ya nyumba moja hupigwa kwa mkupuo, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho, ili kupunguza usumbufu, lakini dada alikataa katakata, akapiga hadithi kwa mfuatano, na onyesho la mwisho hakuliandika hata neno mpaka mengine yote yamekamilika. Tulihama na nyaya, tukarudi nyumba ile ile, tukahama tena, wapiga picha wakanuna, nami nikamwambia wazi kwamba anatutesa, akanijibu kwamba watu walio ndani ya hadithi hawajui itaishaje, kwa nini yeye ajue. Basi jamani, tuliona kwa macho yetu, waigizaji wakifika mwishoni wamechoka kweli, wamezoeana kweli, na wengine wamekosana kweli, nami nyuma ya taa nimeduwaa, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani. Mwaka 2009 alipata tuzo ya filamu bora, mwaka 2016 tuzo ya mwandishi bora, na sanamu zote mbili ziko juu ya friji, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kwa sababu mama hataki vumbi.

Mwaka jana alianza filamu ya mama mshonaji na binti yake anayejiandaa kuhama moja kwa moja. Aliwajaribu waigizaji wengi, kisha akaja hapa, akamkuta mama anatunga uzi kwenye sindano, akasema hatafuti tena, na mama akakubali kwa sharti kwamba hapakwi rangi usoni. Kazi ilikwenda vizuri hadi Desemba, dada alipopatwa na maumivu ya tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea.

Lilibaki onyesho moja tu, la mama kumuaga binti, nalo lilikuwa halijaandikwa. Na mama yetu wakati ule hakutaka kusikia habari ya kuaga, alisema mtoto atapona, anayesema vinginevyo atoke wodini, na dada akianza tu kuzungumzia mwisho wake, mama anainuka kunyoosha shuka. Dada aliniambia kwamba filamu ikibaki nusu na ibaki, lakini kuondoka mama hajamruhusu, hilo hataliweza.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, kwa ruhusa ya hospitali, tuliingiza kamera na taa. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja, kwamba mama anamuaga binti yake. Mwigizaji wa binti hakuitwa, kwa kuwa ungeonekana uso wa mama peke yake, ila alihitajika mtu wa kutazamwa kando ya kamera, na dada akaagiza kamera ikae ubavuni pa mto aliolalia. Mama alipoketi tu akaelewa. Alinitazama kwa hasira, nikakaza mikono kwenye taa, na hakuna aliyezima kamera. Kisha akamgeukia mwanawe akasema. Nimemulika watu maisha yangu yote, na uso kama ule sijapata kuuona.

Dada alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazi, ambao leo wamekaa kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Binti yake mdogo anaimalizia filamu.

Mahali hapa huwa tunamtakia marehemu mapumziko kwa maneno tunayoyajua sote, lakini mama ameniruhusu nisome yale aliyoyasema mwenyewe siku ile:

“Haya, mwanangu. Nilitaka nitangulie mimi, hukunipa nafasi. Kazi yako nimeiona. Nenda kapumzike, mlango nitaufunga mimi.”