Bibi Mizani na Picha ya Bingwa

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka muuguzi wa kliniki ya watoto. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Wengi wenu mlimwita Bibi Mizani.

Alipima watoto kwa miaka thelathini na minane. Narudia: thelathini na minane. Kabla ya kumvalisha mtoto kile kikaptula cha mizani ya kuning'inia, alikisugua kwanza viganjani kipate joto.

Mwaka jana aliketi kwenye kiti cha wageni hapa studioni. Akakataa kusifiwa. "Mwanangu," alisema, "siku ukinisimulia, anza na lile kosa langu."

Basi naanza nalo.

Miaka yake ya mwanzo kazini, kliniki ilikuwa na mtindo wake. Kila mwisho wa mwezi, mtoto mzito kuliko wote alipewa taulo na sabuni. Karani alitangaza kilo kwa sauti, foleni nzima ikapiga makofi. Mama wa mtoto mwembamba aliinamisha uso. Mama wa mtoto mnene alitoka akitembea katikati ya njia.

Mwezi mmoja, mshindi alikuwa mtoto wa dada yake. Dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyemvika mtoto lile taulo. Picha ikapigwa, ikabandikwa ukutani. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Bingwa.

"Bingwa habakizi!" walimwambia mezani. Akisukuma sahani, ilirudishwa. Akilia, alipewa soda. Akinyamaza, alipewa biskuti kwa kunyamaza. Shuleni wenzake walimpa majina mengine, ambayo sitayatamka hapa. Akiwa na miaka ishirini na miwili akaambiwa ana kisukari. Akiwa na thelathini na mmoja, alifariki. Aliacha binti mchanga. Zawadi za kliniki zilikuwa zimekoma zamani, lakini picha yake ilikuwa bado ukutani, taulo begani.

"Daktari aliniambia sababu ni nyingi," Bibi Mizani alitueleza. "Nikamwambia, najua ni nyingi, daktari. Mojawapo ni mimi."

Picha aliibandua kwa kisu cha mezani, polepole, isichanike. Kisha akaenda kwa msimamizi kuomba chumba, na dakika kumi na kila mzazi baada ya kupima.

Msimamizi alicheka. "Watu wanalia watoto wamekonda, wewe unaniletea wanene? Hayo ni matatizo ya walioshiba."

"Bosi," alimjibu, "mtoto hajui kama kwao wameshiba au hawajashiba. Anajua kilichomo kwenye chupa yake."

Akapewa stoo ya mafagio. Mafagio aliyatoa mwenyewe.

Kwa miaka mitano, wasikilizaji, kazi yake ilikuwa hii. Mzazi aliambiwa aje na kikombe anachotumia mtoto nyumbani. Bibi Mizani alimwekea kopo la sukari na kijiko. "Tia kama unavyotia kwako. Usinionee haya." Sukari iliingia kwenye kikombe kikavu.

Baba mmoja, fundi cherehani, alitia vijiko vitano, akachungulia ndani. "Sista, mbona nyumbani haionekani nyingi hivi?"

"Nyumbani imejificha kwenye maziwa, baba. Hapa haina pa kukimbilia."

Wakacheka wote wawili. Hakumgombeza. Mzazi alitoka na jambo moja tu. Mwezi huu, maji badala ya juisi. Mwezi ujao, televisheni izimwe wakati wa kula. Mwezi wa tatu, mtoto acheze nje mpaka atoke jasho. Kilo hazikutangazwa tena. Alimnong'oneza mzazi sikioni. "Mtoto hana kosa," alisema. "Mtoto hafungui kabati." Na neno lake kubwa lilikuwa hili: mtoto akisukuma sahani, mwamini.

Mzazi mmoja hakuingia chumba kile. Ni dada yake, anayemlea binti wa Bingwa.

"Mwanangu ulimpa zawadi," dada alimwambia, "leo mjukuu wangu unamnyima biskuti? Amenibakia huyu tu. Nimlaze njaa?"

"Dada, sijasema alale njaa."

"Nenda kapime wa watu!"

Hawakusemezana miaka miwili. Nyumba zao zinatazamana.

Bibi Mizani alifariki asubuhi, akifunga kamba za viatu vya kazi. Moyo ulisimama.

Msibani, yule binti, sasa ana miaka mitano, aliwekewa sahani ya mtu mzima. Alikula kidogo, akaisukuma. Jirani akaichukua, akajaza kijiko. "Kula, mama. Binti wa Bingwa habakizi!"

Bibi yake, yule dada mkubwa, akamshika jirani mkono. "Ameshiba."

Akaiweka sahani kando.

"Mwacheni. Ameshiba."

Dada huyo alituambia hivi: "Mdogo wangu alitaka neno hilo moja tu kutoka kwangu. Nimelisema akiwa hanisikii."

Jumatatu iliyopita alimchukua mjukuu, akachukua na kikombe, wakaenda kliniki. Chumba kilikuwa kimefungwa. Akachungulia dirishani. Mafagio yamerudi. Pembeni yake, maboksi ya juisi ya pakiti, yamepangwa hadi dari, msaada wa mfanyabiashara mmoja. Kwenye boksi la juu wamebandika picha ya marehemu.

"Ile huduma ilikuwa ya marehemu, bibi," karani alimwambia. "Lakini mchukulie mtoto juisi moja. Ni ya kumkumbuka."

"Nilisimama na kikombe changu," dada alisema, "sijui nimpe nani."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole wanawe, wafanyakazi wenzake, na wewe dada mkubwa. Pole pia kwako, mtoto mzuri wa Bingwa, huna kosa. Nasi tuliobaki tujiulize: leo mtoto akisukuma sahani, mkono utakaoirudisha ni wa nani?

Na ninyi wa kliniki ile, najua redio ya mapokezi huwa mnaiacha wazi saa hizi. Ufunguo uko kwa karani. Mafagio yanaweza kukaa kwingine.