Mama Pindo, Fundi wa Nguo za Jukwaani

Dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa fundi vyuma na mkunga. Mimi nilimfuata kwa miaka mitatu, ndiyo maana nguo zangu zote za utotoni kwanza zilikuwa zake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha miaka miwili chuo cha ushonaji. Darasani hakung'ara, tusidanganyane mbele ya jeneza. Hesabu zilimpiga chenga mpaka siku aliposhika futi ya fundi.

Mwaka 1975 alifungua chumba cha cherehani karibu na ukumbi wa muziki. Mimi nikauza vitambaa mlango wa pili. Septemba 1984 kiongozi wa bendi alimletea karatasi: sketi tisa za wacheza shoo, zote shubiri moja juu ya goti, za kuvaliwa kwenye kipindi cha televisheni.

“Nani kawapima?” dada akauliza.

“Nimewapima mimi, kwa macho.”

“Basi zikiisha utazivaa wewe, bosi.”

Bwana yule akafoka kwamba mafundi wako tele, akaja kwangu kununua kitambaa cha kumeta ampelekee mwingine. Bahati yake mbaya, mji mzima kilikuwa kimebaki kwangu tu. Nikamwambia, “Kaka, hiki kinauzwa pamoja na fundi wake.” Alizunguka siku mbili, akarudi mpole.

Wasichana wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakapanda kigoda, kila mmoja akapewa chaki aweke alama mwenyewe. Wengi waliiweka chini ya goti. Chiriku, yule mwenye sauti nyembamba, akaipandisha juu kuliko hata alivyoota bosi. Nikamvuta dada pembeni: “Huyu si anatuharibia kesi?”

Akanijibu na pini mdomoni: “Kwani nilikuwa nagombea urefu? Miguu yake, chaki yake. Lete mkasi.”

Kipindi kiliporushwa, kinyozi jirani yetu, ambaye hakuwahi kukosa onyesho, alishangaa: “Kumbe wako tisa! Siku zote nilikuwa naona mapaja tu.” Karatasi ya vipimo haikuletwa tena. Dada alishonea jukwaa miaka thelathini na moja, na hakuna msichana aliyevaa sketi yake kwa kipimo cha macho ya mtu.

Tarehe 12 Aprili 1986 alifunga ndoa na fundi mitambo wa bendi hiyohiyo. Shemeji alikuja kupunguza suruali. Alipoulizwa iishie wapi, akasema, “Popote utakapoona wewe.” Dada akamcheka: “Mwanamume mzima hujui suruali yako inaishia wapi?” Alirudi mara nne na suruali ileile. Ilipofika kuwa kaptula, wakaoana. Walijaliwa binti na mwana.

Ini lilianza kumsumbua Novemba 2021, na tarehe 20 Julai 2022 alilazwa. Shangazi yetu alimtembelea wodini, akatangaza kwamba siku ikifika atavishwa gauni la kufunika nyayo. “Mwanamke huondoka kwa stara,” alisema. Dada hakubishana. Aliniagiza chaki na gauni lake la kijani, akachora mstari vidole viwili chini ya goti, akageukia ukutani akalala. Alifariki tarehe 9 Agosti, saa tano asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tumevutana na shangazi hadi jana. Nilimwachia maua, nikamwachia nyimbo, nikamwachia hata kiti cha mbele. “Na pindo je?” akauliza. “Hilo lina mwenyewe, shangazi.” Akanitazama sana, akaenda kuchagua maua. Pindo nimelishona kwa mkono wangu, na kwa kuwa mimi ni muuzaji tu, mwenyewe angenifumulisha. Lakini limekaa palepale alipochora.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu wanne, shangazi, mdogo wake anayesoma haya, na wacheza shoo saba walio hai, akiwemo Chiriku, bibi wa watu sasa, aliyekuja leo na sketi ya urefu aliouchagua mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna atakayekuvuta pindo.