Marehemu Elisha Achola na Mashua Aliyoipunguza

Jamaa na majirani, tutasoma upesi, na sababu mtaisikia mwishoni.

Marehemu Elisha Achola alizaliwa Asembo, ufukweni mwa ziwa, mwaka wa 1901. Shule ya misheni aliisoma miaka mitatu tu. Siku moja mwalimu alimpa hesabu, naye akachora mashua kwenye kibao chake na kuandika jibu sahihi juu ya tanga. Alichapwa kwa mashua na kusifiwa kwa jibu, na mpaka uzeeni alikuwa akisimulia kisa hicho kwa majivuno.

Mwaka wa 1923 aliajiriwa useremala katika karakana ya reli, Nakuru, akatumikia miaka ishirini na minane. Alimwoa Akoth tarehe 4 Septemba 1926. Mungu aliwajalia watoto wanne, akawaachia mmoja, Awuor. Alipostaafu walihamia Naivasha, naye akaunda mashua ya futi ishirini na sita kwa mbao za mtarakwa kutoka Elburgon, akaipa jina la mkewe. Kwao Asembo mashua ni kama mke: ina jina, na haipasuliwi ovyo. Ilivusha mboga na wafanyakazi wa mashamba ya ng'ambo, ambako Awuor aliolewa na Khisa, mwangalizi wa pampu.

Kisha ziwa la Naivasha likaanza kukauka. Machi 1956 Awuor alishikwa na uchungu, na mashua imelala topeni, maji yako robo maili. Watu arobaini waliisukuma tangu asubuhi hadi saa nane, ili ikamchukue ng'ambo na kumleta hospitali. Haikusogea. Mtoto alikufa, na marehemu akakaa kwenye tope lile akilia waziwazi.

Akaamua kuikata, aunde ndogo ya futi kumi na mbili, ambayo punda mmoja angeivuta juu ya tela mpaka popote maji yalipohamia. Lakini mkono ulikataa. Siku tisa msumeno ulining'inia ukutani. Siku ya kumi Akoth aliuangua mwenyewe, akampa.

"Kata, Baba Awuor," alisema. "Mimi niko. Mtoto ndiye hayuko."

Darweshi, fundi cherehani, alishona tanga la kitambaa cha marekani. Watu walicheka, wakauliza kama ni beseni la kuogea. Beseni hilo limevusha wagonjwa mwaka mzima na zaidi. Kosa lilikuwa moja, nasi tunalisema leo bila kumwonea haya marehemu: aliipunguza mno. Kuna kiti kimoja cha nahodha, na nafasi ya mgonjwa kulala. Mwanafunzi hakuachiwa pa kukaa, kwa hiyo hakuna aliyefundishwa.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu tela lilikwama mvuani, akalisukuma peke yake, akapata homa ya mapafu. Kitandani hakujihofia. Alihesabu siku za Awuor, aliyekaribia kujifungua tena. Alifunga leso kwenye kijiko mfano wa tanga, akamfundisha mkewe: "Kamba usiifunge. Ishike mkononi, upepo ukizidi iachie." Akoth alipouliza namna ya kugeuza mashua kurudi, kikohozi kilimshika, na somo hilo halikuendelea. Aliaga dunia Jumanne tarehe 15 Aprili 1958, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane wake Akoth, binti yake Awuor, mkwewe Khisa, na mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Haya ya mwisho yameongezwa kwa penseli asubuhi hii, kaburi likichimbwa. Khisa alikubaliana na marehemu kwamba uchungu ukianza atachoma nyasi mbichi ufukweni. Moshi ule mnaouona ng'ambo ni wake. Barabara imekatwa na mvua, na boti za injini hunaswa na mafunjo. Wazee, mtusamehe: mjane hatakaa matanga leo, atatweka tanga. Kwenda anajua. Kurudi hajafundishwa. Kama kuna mtu hapa anayejua, asingoje sala ya mwisho. Kiti ni kimoja, mama atampisha, na punda amekwisha kufungwa kwenye tela.

Bwana ampumzishe Elisha. Sisi tusipumzike bado.